Umbea kwa Utaratibu: Kuendesha Grupu la Marafiki Makuchu

Ukifungua grupu lolote la makuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja, lililo hai, saa 1 asubuhi, hukuti mjadala wa haki za binadamu. Unakuta salamu zimepangana, stika ya chai na vitumbua, mtu analalamikia foleni ya Kimara, mwingine anauliza nani anamjua fundi cherehani wa Kariakoo asiyekula siku za watu, na wa tatu katupia picha ya shati la maua: "Hili ofisini linapita, au nitaanza kuulizwa maswali?"

Swali la shati ndilo linalofanya grupu liwepo. Kwenye grupu la ukoo angetaja bei tu. Kwenye grupu la kazini asingeuliza kabisa. Hapa anauliza nusu, nusu nyingine wote wanaijua, na majibu yanamiminika bila utangulizi: linapita, ila usilivalie ile suruali ya kubana; livae Ijumaa, siku ambayo kila mtu ofisini huvaa anavyojisikia; acha kabisa, bosi wako tumeshamsikia. Dakika 3, mada imekwisha, wamehamia kwenye Simba na Yanga.

Ndiyo maana anayetaka kuanzisha grupu kama hili namshauri asianze na kaulimbiu wala ajenda. Aanze na soga. Mipangilio ya simu, kuhakiki watu, kufuta ujumbe, vyote nitakavyoeleza hapa, vipo ili watu 15 waweze kuongea upuuzi kwa raha.

Upuuzi wenyewe uko hivi. Msimu wa harusi ukifika, kamati zinasambaza kadi za mchango, na kadi ina bei mbili: singo na dabo. Tuseme singo 50,000 na dabo 100,000.

— Binamu anaoa. Kamati imeniandikia dabo bila kuniuliza. Nimpeleke nani?
— Mpeleke fundi wako wa friji, anavyokuja kwako kila wiki.
— Lipa singo, ukale pilau yako, urudi.
— Shangazi atauliza shemeji yetu yuko wapi.
— Mwambie yuko safarini.
— Mwaka wa tatu huu yuko safarini. Shemeji gani huyo, rubani?

Baada ya kicheko ndipo unapokuja ushauri, na ushauri wa wazoefu ni mzuri kweli. Lipa singo mapema, kabla kamati haijaanza kupiga simu, kwa sababu aliyelipa wiki ya kwanza hajadiliwi kikaoni; anayechelewa ndiye anayefunguliwa faili la maisha yake yote. Ukumbini kaa meza ya wafanyakazi wenzako au ya marafiki wa shule, si ya ukoo. Ukiulizwa kuhusu ndoa, uwe na jibu moja, fupi, lile lile kila harusi. Wengi huharibu hapo: mwaka huu anasema anasubiri kumaliza nyumba, mwaka ujao anasema kuna binti Arusha, halafu mashangazi wanakaa jikoni wanalinganisha majibu. Jibu lisilobadilika huwachosha, wanaacha.

Wangapi, na kwenye programu gani

Watu 8 hadi 25. WhatsApp inaruhusu wanachama 1,024 kwenye grupu moja, lakini hilo ni soko. Wakiwa 5 tu, wawili wakiwa kazini na mmoja akinuna, siku nzima kimya. Wakizidi 30 hivi, unaanza kukuta majina usiyojua nani aliyaleta, na pale pale wale wenye maneno matamu wananyamaza. Kimya cha wachangamfu ndiyo dalili ya kwanza kwamba grupu limevuka kipimo. Ukiona hivyo punguza watu, usiongeze mada.

Kuhusu programu, ubishi hauishi, basi niseme ninavyoona. Tatizo la WhatsApp ni namba. Kila mwanachama anaona namba za wote. Unaweza kujiita Zuhura wa Tanga utakavyo, lakini laini ya Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na mwenye namba yako akianza hatua za kukutumia pesa kwa simu, jina lako la usajili humtokea kabla hajathibitisha. Anasoma, anaghairi, hajatumia hata shilingi. Jina la utani kwenye WhatsApp ni pambo tu.

Signal imelitatua hilo tangu Februari 2024: namba haionekani kwa asiyekuwa nayo, na mtu anaweza kukupata kwa jina la mtumiaji unalolitunga mwenyewe, lenye tarakimu mwishoni. Ingia kwenye mipangilio, faragha, namba ya simu, kisha uweke "hakuna mtu" pote pawili: nani aone namba yangu, na nani anitafute kwa namba. Watu wengi huweka pa kwanza wanasahau pa pili, kwa hiyo yeyote aliyewahi kuwa na namba yao bado anaweza kujua kuwa wako Signal.

Kwa nini basi makuchu wengi bado wako WhatsApp? Bando. Vifurushi vya bei nafuu vya mitandao ya kijamii hubeba WhatsApp, Facebook na Instagram. Signal hula bando la kawaida. Ukihamisha grupu zima kwenda Signal, wenye kipato kidogo ndio wanaopotea kwanza, na mara nyingi ndio wachekeshaji. Njia inayofanya kazi: kama wanachama wote wanajuana kwa sura na kwa majina, WhatsApp inatosha, maana hakuna jina la kuficha. Kama kuna hata wawili wasiojuana ana kwa ana, nendeni Signal.

Telegram siipendekezi kwa kazi hii. Grupu zake hazifungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ule unaofanya ujumbe usomwe na wanaoongea tu. Gumzo lake la siri ni la watu wawili tu na lazima uliwashe mwenyewe. Halafu huko Kenya Telegram ilibanwa wakati wa mitihani ya taifa ya sekondari, KCSE, ya 2023 na tena 2024, watu wakabaki hewani bila wenzao.

Mipangilio, na inapovujia

Jina la grupu liwe la kuchosha. "Wapishi wa Wali." "Mechi za Jumapili." Picha iwe sahani au kiwanja. Upinde wa mvua usiutumie, wala jina la mafumbo ambalo mtu akiliona ataomba kufafanuliwa. Na msiite "Kikoba", kwa sababu mama akiliona atauliza gawio linatoka lini.

Washa ujumbe unaotoweka. WhatsApp ina saa 24, siku 7 na siku 90. Saa 24 ni fupi mno: anayeingia zamu ya usiku au anayeweka bando mwisho wa wiki anakuta vicheko havina chanzo, anaona aibu kuuliza. Siku 90 ni ndefu kiasi kwamba simu ikikamatwa ina robo mwaka ya maisha ya watu. Siku 7 ndiyo saizi yake. Ila jueni kutoweka kuna mipaka: ujumbe uliosambazwa kwingine unabaki huko, picha iliyoshaingia kwenye galari inabaki, na nakala rudufu iliyopigwa kabla ya siku kufika huubeba ujumbe. Kwa hiyo kila mwanachama aifunge nakala yake kwa nywila, kwenye mipangilio ya nakala rudufu ya gumzo. Ukipoteza simu na nywila hiyo umeisahau, nakala hairudi tena.

Galari ndiyo iliyowaumbua watu wengi kuliko wadukuzi wote. WhatsApp kwa kawaida humwaga kila picha ya grupu kwenye galari ya simu. Mtu anampa mpwa wake simu aangalie katuni, mtoto anateleza kidole, anakuta meme ya wanaume wawili wanabusiana, anaipeleka sebuleni kama aliyeokota hela. Dawa ni kuingia kwenye taarifa za grupu, mwonekano wa media, na kuchagua hapana. Kila mtu afanye kwenye simu yake. Admini hawezi kumfanyia. Kuna pia faragha ya juu ya gumzo, iliyokuja 2025, inayozuia kusafirisha gumzo zima na kupakua media kiotomatiki. Iwashe, lakini skrinshoti haizuii.

Kisha kompyuta ya ofisini. WhatsApp huunganishwa na vifaa 4 zaidi ya simu, na kifaa kilichounganishwa kinaendelea kupokea hata simu ikiwa imezimwa. Mtu aliingia mara moja kuchapisha risiti, akasahau kutoka, na wiki inayofuata kwenye projekta ya kikao kinatokea kijisanduku: "Jamani ex wangu kaoa." Mara moja kwa mwezi fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa vyote usivyovikumbuka.

Arifa zizimwe, au zionyeshe tu kwamba kuna ujumbe bila maneno wala jina. Gumzo lifungwe kwa kufuli ya WhatsApp na, hapa watu huishia njiani, uweke msimbo wa siri ulio tofauti na wa simu, kisha ufiche folda ya magumzo yaliyofungwa. Bila msimbo tofauti, anayelala karibu nawe akishika kidole chako usiku amefungua vyote. Folda ikishafichwa, huonekani kuwa nayo mpaka uandike msimbo kwenye sehemu ya kutafutia.

Sauti. Makuchu tunapenda kutuma sauti, na umbea bila sauti ni nusu umbea, lakini ndiyo mtego wa kwenye daladala. Anayetuma aandike kwanza "hedifoni", ndipo atume. Anayepokea bila hedifoni ainue simu sikioni kama anayepigiwa. WhatsApp itahamisha sauti kwenye kispika kidogo cha juu. Na sauti isizidi dakika moja. Ya dakika 6 haisikilizwi na mtu, hata kama ndani yake kuna habari ya ndoa kuvunjika.

Picha: uso na maneno visikae pamoja. Picha ya uso peke yake ni picha ya mtu. Maneno peke yake ni maneno. Vikiungana kwenye ujumbe mmoja, skrinshoti moja inatosha kummaliza mwenzako. Za utupu sizitaki kabisa kwenye grupu la soga. Zinaua mazungumzo, na ile ya kutazamwa mara moja huzuia skrinshoti lakini haizuii simu ya pili kuipiga picha skrini.

Nani anasema tunajihadhari kupita kiasi? Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, cha ngono "kinyume na maumbile", kinaanzia miaka 30 jela hadi maisha, na Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliwataka wananchi wamtumie majina ya makuchu. Kenya, kifungu cha 162 kinafika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Uganda sheria ya 2023 ina kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa makosa mengine. "Kukuza ushoga" pekee ni hadi miaka 20. Mahakama ya Katiba ya huko, 3 Aprili 2024, iliacha sehemu kubwa isimame, ingawa ilifuta wajibu wa kuripoti wenzako. Burundi wameharamisha tangu 2009. Rwanda na Kongo hawana sheria kama hizo, lakini kaka yako hahitaji sheria ili akufukuze nyumbani.

Kumwingiza mtu mpya

Wanachama 2 wawe wamekutana naye ana kwa ana, kila mmoja kwa wakati wake, na si kwenye pati ile ile. Aliyefahamika kwenye programu ya kutafutia wapenzi peke yake haingii, hata awe mzuri namna gani. Kwenye mipangilio, admini pekee ndio waongeze watu, na maombi yaidhinishwe. Kiungo cha mwaliko, kama kiliwahi kutengenezwa, kiwekwe upya baada ya kila anayeingia. Kiungo cha zamani kikibaki hai kinazunguka bila ninyi kujua.

Akishaingia, mwache aongee. Soga yenyewe ni kichujio kizuri kuliko maswali ya usaili. Anayewinda watu hana subira ya kuzungumzia vitumbua. Siku ya kwanza ataomba picha za sura, siku ya pili atauliza nani anaishi wapi, ya tatu atakuwa na pati kwake na haraka ya kujua nani anakuja. Mkiweka mada ya bei ya nyanya, ananyamaza. Wapo wavumilivu pia, sikatai, ndiyo maana anwani, jina la kazini na picha ya mpenzi havitolewi kwenye grupu hata kwa mkongwe.

Mchunaji akimshika mmoja wenu, "nitumie laki 3 au namwambia baba yako", malipo ya kwanza humwongezea hamu. Mhusika asifute kitu: apige skrinshoti zenye namba, tarehe na kiasi anachodaiwa, azihifadhi nje ya simu hiyo, asijibu tena, na ampigie mwanachama mmoja kwa simu ya kawaida. Kenya kuna shirika la NGLHRC na Uganda kuna shirika la HRAPF, wote wanatoa msaada wa kisheria na kesi hizi wanazifahamu. Kwenda polisi peke yako, bila wakili, na simu ile ile iliyojaa magumzo, ni kujipeleka.

Yanayovunja grupu kutoka ndani

Polisi hawajavunja grupu nyingi kama mikopo ilivyofanya. "Nisaidie elfu 20 mpaka Ijumaa" ikishaandikwa hadharani, anayedai na anayedaiwa wote wanaacha kuchekesha. Mikopo iende pembeni, mtu kwa mtu. Mchango wa ugonjwa au msiba uwe na mtunza fedha mmoja, anayetaja jumla bila kutaja nani katoa ngapi.

Wapenzi wakiachana humo humo, usimtoe mmoja kwa kumuonea huruma mwingine. Waombe wote wawili wapumzike wiki 2. Nusu ya mara hizo wanarudi wakiwa pamoja, nanyi mmebaki na siri mlizoambiwa na kila upande, jambo ambalo ni zito kuliko ugomvi wenyewe.

Wa ughaibuni nao wana lao. Aliyeko Toronto yuko nyuma ya Dar kwa saa 7 au 8, anaamka akikuta ujumbe 300 na anajibu utani wa jana. Hilo halina neno. Baya ni pale anapomwambia kijana anayeishi na wazazi Tandika, "jitangaze tu, uwe huru." Kodi atalipa nani? Picha zake za maandamano ya Pride ya Juni azilete, tutazipenda, ila asimtagi yeyote aliye huku. Aliyeko Muscat hahitaji kuambiwa. Oman nako wanafunga watu jela.

Afya huzungumzwa katikati ya utani, na hapo kosa lirekebishwe papo hapo, bila kumdhalilisha aliyekosea. Dozi ya PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU, ya kutumia kwa tukio ni vidonge 2 kati ya saa 2 na 24 kabla ya ngono, kimoja saa 24 baada ya hivyo, kimoja tena saa 24 baadaye. Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa wanaume wanaolala na wanaume mwaka 2019. Mwenye homa ya ini aina ya B aongee na daktari kwanza. Kama tukio limeshapita bila kinga, hiyo ni PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU, ianze ndani ya saa 72 na imalizwe siku 28. Anayetumia dawa za VVU na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Hali ya mtu anaitaja mwenyewe. Akiitaja mwingine, hata kwa nia njema, admini afute ujumbe huo kwa wote. Ana siku 2 hivi za kufanya hivyo kabla WhatsApp haijamfungia.

Admini wawe 2, wanaoishi nyumba tofauti, ikiwezekana nchi tofauti. Akiwa mmoja na akatoka, WhatsApp humteua yeyote bila mpango. Simu ya mwanachama ikiibwa au kukamatwa, apige kwa simu yoyote, admini aliyeshika simu amtoe dakika ile ile. Kumtoa hakufuti yaliyokwisha kuingia kwenye simu hiyo, kunazuia mapya tu, kwa hiyo zile siku 7 ndipo zinapolipa.

Mwanzoni mwa kila mwaka fungueni grupu jipya, wahamisheni waliokuwa wakiongea, msiwafuate walionyamaza. Lile la zamani lisiachwe likielea: admini awatoe wote kwanza, kisha atoke yeye, kisha kila mmoja alifute kwenye simu yake, kwa sababu kutoka tu huacha gumzo lote likiwa bado limo kwenye orodha.